Out of the Park Baseball: gemu la kusajili, kubadili kocha na kumwacha nyota aende

Gemu hili halimpi mtu gongo mkononi. Hurushi mpira, hukimbii, hudaki. Unakaa kwenye kiti cha mkurugenzi wa klabu ya besiboli ya Marekani, mbele yako kuna majedwali ya mishahara, ripoti za wasaka vipaji na madai ya mmiliki, na ukibofya kitufe kalenda inasonga siku moja. Lilianzishwa na Mjerumani Markus Heinsohn. Toleo la kwanza lilitoka 1999, na siku hizi toleo jipya hutoka kila mwaka mwezi Machi au karibu na hapo. Lina leseni ya ligi kuu ya Marekani, MLB, kwa hiyo timu, majina na mikataba ni ya kweli.

Wengi hulipima kwa mechi zake. Mechi ni nzuri, lakini si hizo zinazolifanya listahili fedha ya mtu. Thamani yake iko kwenye miezi ya mapumziko, tangu fainali iitwayo World Series inapomalizika mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba hadi ligi inapoanza tena mwishoni mwa Machi. Katika miezi hiyo hakuna mechi ya ligi hata moja, na ndipo klabu hujengwa au kubomolewa. Watu wa Tanga wanaobishana usajili kwenye baraza za Ngamiani kabla hata ligi haijafika raundi ya mwisho watajikuta nyumbani hapa, mradi wakubali kujifunza kanuni ambazo si za mpira wa miguu.

Tofauti kubwa ni hii. Kwetu, mkataba wa mchezaji ukiisha, yuko huru. Mashabiki wa Coastal Union ya Tanga wamezoea maumivu hayo na yale ya kuuza: Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga 2020, na Abdul Suleiman 'Sopu' akaelekea Azam 2022, mara tu baada ya kupiga mabao matatu katika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, mechi iliyoisha 3-3 na Yanga wakashinda kwa penalti. Kwenye besiboli ya Marekani, mchezaji aliyekulia klabuni hatoki kirahisi hivyo. Klabu inammiliki kwa miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu. Mitatu ya kwanza hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata mshahara wake hupandishwa kwa usuluhishi: pande mbili zikishindwa kuelewana, kila mmoja anataja kiasi chake na jopo linachagua kimojawapo, halikati katikati. Baada ya hapo ndipo anakuwa mchezaji huru.

Mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu, ilhali msimu wenyewe una siku kama 187. Kinda akipandishwa wiki mbili na ushei baada ya ligi kuanza, kwa kawaida hatimizi mwaka, na klabu inabaki naye msimu mmoja zaidi. Chicago Cubs walifanya hivyo kwa Kris Bryant mwaka 2015: alimaliza na siku 171. Alilalamika rasmi, akashindwa. Gemu linahesabu siku hizi zote, na ukurasa wa mkataba wa kila mchezaji unaonyesha amefikisha miaka na siku ngapi za utumishi. Huo ndio ukurasa wa kuusoma kwanza, kabla ya takwimu za nani amepiga mipira mingapi nje ya uwanja.

Ukianza, usichukue New York Yankees wala Los Angeles Dodgers. Hao wana fedha ya kufunika kila kosa, na gemu litaonekana jepesi. Chukua Milwaukee Brewers. Milwaukee ni moja ya masoko madogo kabisa ya ligi hiyo, mapato yake hayafui dafu kwa hao wakubwa, na hali yake mtu wa Tanga ataielewa bila kuelezwa: unakuza mchezaji, anang'aa, wakubwa wanamtolea macho. Kwenye uteuzi wa kazi, chagua ukurugenzi peke yake na si ukurugenzi pamoja na ukocha. Ukichagua vyote viwili, unapanga kikosi mwenyewe kila siku kwa mechi 162 na utachoka kabla ya Juni. Ukichagua ukurugenzi tu, unalazimika kuajiri meneja, ambaye kwenye besiboli ndiye kocha mkuu, na uamuzi huo unakuwa na uzito.

Kisha weka ugumu wa kubadilishana wachezaji kwenye kiwango cha juu. Kwenye viwango vya chini, klabu pinzani zinaendeshwa vibaya: ukiwapa wachezaji wanne wa kawaida wanakupa nyota mmoja, jambo ambalo hakuna mkurugenzi mwenye akili angelikubali. Hata kwenye kiwango kigumu udhaifu huo hauishi kabisa. Jiwekee sharti la kutotoa zaidi ya watu watatu kwa mmoja, na utapata mchezo wa haki zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza Septemba, ligi bado inachezwa. Fungua orodha ya mikataba yote na uipange kwa mwaka wa kumalizika. Utaona makundi matatu: wanaokuwa huru Novemba, wanaokuwa huru mwaka unaofuata, na wanaoingia kwenye usuluhishi. Macho ya anayeanza yanakimbilia kundi la kwanza, kwa kuwa ndilo linalopiga kelele. Kundi la maana ni la pili. Nyota aliyebakiwa na mwaka mmoja bado ana bei sokoni. Ukimshika hadi mkataba uishe na hataki kuongeza, unachoweza kupata ni nafasi ya ziada kwenye drafti ya vijana tu, yaani zamu ambazo klabu huchagua wachezaji wapya, na hiyo ni iwapo ulimpa ofa rasmi ya mwaka mmoja ambayo ligi hupanga kiasi chake. Majira ya mwisho wa 2024 ofa hiyo ilikuwa dola milioni 21.05, na mwaka uliofuata milioni 22.025. Ofa hiyo usiitoe kwa mchezaji ambaye akiikubali itakuumiza. Klabu ndogo inayojikuta na milioni 22 juu ya mtu mmoja wa miaka 34 imeharibu bajeti ya msimu mzima.

Brewers halisi walionyesha jinsi ya kufanya. Corbin Burnes, mrushaji wao bora, yaani anayemtupia mpigaji mpira, alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Februari 2024 wakamhamishia Baltimore Orioles, wakapokea Joey Ortiz, DL Hall na nafasi ya drafti. Mashabiki waliumia. Mwisho wa mwaka huo Burnes akasaini Arizona Diamondbacks, miaka 6 kwa dola milioni 210, na Juni 2025 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko uitwao Tommy John, ambao humweka mrushaji nje mwaka mzima au zaidi. Ortiz aliendelea kuichezea Milwaukee. Gemu linalielewa jambo hili vizuri kuliko gemu lolote la mpira wa miguu tulilonalo: warushaji wanavunjika, na kila mwaka unaoongeza kwenye mkataba wa mrushaji ni hatari unayoinunua. Soma sehemu ya majeraha kabla ya kuandika ofa. Mrushaji mwenye historia ya kiwiko au bega, hata awe na alama za juu kiasi gani, usimpe zaidi ya miaka mitatu.

Alama zenyewe ziko kwenye mizani ya 20 hadi 80, ile ile wanayoitumia wasaka vipaji wa kweli. 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Lakini unachokiona ni maoni ya msaka vipaji wako, si ukweli wenyewe. Ukipunguza bajeti ya usakaji ili umlipe nyota, alama unazozisoma zinakuwa za kubahatisha, na utakuja kumlipa mtu wa 50 ukidhani ni 60. Hapa ndipo wanaoanza wanaanguka zaidi. Kata kwingine kote, lakini bajeti ya usakaji na ya kukuza vijana usiiguse katika klabu ndogo.

Kuhusu umri, mpigaji huwa kwenye kilele kati ya miaka 26 na 29. Kuanzia 31 au 32 anashuka, na vinavyotangulia kuondoka ni mbio na udakaji. Nguvu ya kupiga hubaki kidogo. Kwa hiyo mkataba wa miaka 7 kwa mtu wa miaka 30 unanunua miaka miwili mizuri, miwili ya kuvumilia na mitatu ya kulipa tu. Mikataba kama ule wa Juan Soto na New York Mets, miaka 15 kwa dola milioni 765, au wa Shohei Ohtani na Dodgers, milioni 700 kwa miaka 10 huku milioni 680 zikilipwa baadaye, ni ya klabu zenye kisima cha fedha. Soto alisaini akiwa na miaka 26, na hilo ndilo lililoipa hesabu hiyo maana. Milwaukee yako ijenge mikataba kwa vijana: kinda aliyeonyesha dalili nzuri katika mwaka wake wa kwanza, mpe miaka 6 mapema, pamoja na vipengele viwili vya klabu kuongeza mwaka mwishoni. Yeye anapata uhakika, wewe unapata miaka yake bora kwa bei nafuu. Ukikataa kutumia kipengele, unalipa fidia ndogo mliyoiandika. Kipengele cha mchezaji kuamua mwenyewe kiepuke: akifanya vizuri anaondoka, akifanya vibaya anabaki.

Kwenye mazungumzo, usimtusi mtu kwa ofa ya kwanza. Anakasirika, ofa mbili tatu mbovu zikifuatana anafunga mlango, na utasubiri hadi akutane na soko. Anza karibu na asilimia 85 ya anachodai, ongeza miaka kabla ya kuongeza fedha kwa kijana, na punguza miaka huku ukiongeza fedha kwa mkongwe. Angalia pia tabia zilizoandikwa chini ya jina lake. Mwenye tamaa ya fedha hatakusikiliza ukimweleza mapenzi ya klabu. Mwenye uaminifu atakupunguzia.

Tuje kwa kocha, kwa sababu hapa gemu linastahili sifa na lawama pamoja.

Sifa kwanza. Meneja unayemwajiri ana mwelekeo wake. Mmoja anawapenda wakongwe, mwingine makinda. Mmoja hubadili warushaji haraka, mwingine huwaacha hadi wachoke. Ukiwa mkurugenzi tu, hutampangia kikosi. Ukimsajili kinda wa miaka 21 na meneja wako ni wa wakongwe, utamkuta kijana kwenye benchi hadi Agosti. Dawa ni mbili: umwondoe mkongwe anayemzibia nafasi, au ubadili meneja. Ya kwanza ni nafuu. Ukisitisha mkataba wa meneja unaendelea kumlipa, na mshahara wa benchi la ufundi unatoka kwenye mfuko ule ule. Ukiamua kubadili, fanya mara tu msimu unapoisha, maana wazuri huchukuliwa mapema, na ukisubiri hadi Desemba umebaki na makapi. Wengi hutumia fedha nyingi kwa meneja na kusahau wakufunzi wa warushaji na wapigaji. Geuza mpangilio huo. Hao wakufunzi ndio wanaokuza vipaji, na mkufunzi bora wa warushaji ni mtu wa kwanza wa kumkimbilia Novemba.

Lawama ni kwamba meneja mwenyewe ana uzito mdogo mno kwenye roho ya timu. Kuna hisia za wachezaji na maelewano ya chumba cha kubadilishia nguo, ndiyo, lakini ukimbadilisha meneja aliyependwa, mtikisiko ni mdogo na unapita. Katika maisha, mambo hayaendi hivyo. Novemba 2023 Craig Counsell aliiacha Milwaukee akaenda kwa wapinzani wao Cubs, kwa miaka 5 na zaidi ya dola milioni 40, na Cubs wakamwondoa David Ross ili kumpisha. Brewers walimpandisha msaidizi wake, Pat Murphy, ambaye ndiye aliyemfundisha Counsell chuoni Notre Dame. Msimu wa 2024 Cubs walishinda mechi 83, idadi ile ile waliyoipata chini ya Ross mwaka uliotangulia. Brewers, bila Counsell na bila Burnes, walishinda 93 na kuongoza kundi lao, na Murphy akatajwa meneja bora wa ligi yao. Akaitwaa tuzo hiyo tena 2025 baada ya ushindi wa mechi 97. Mtu aliyekuwa ndani ya nyumba, anayewajua vijana mmoja mmoja, alikuwa na thamani ambayo hakuna jedwali lililoionyesha. Gemu lingempa Murphy alama ya nyota chache na kukushauri utafute jina kubwa.

Mashabiki wa Mkwakwani wanalijua hili kwa karibu. Coastal Union ilimaliza ya nne msimu wa 2023/24 chini ya Mkenya David Ouma, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola, na kocha akaondoka Agosti 2024, msimu ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Dirisha hilo hilo lilikuwa na sakata la beki Lameck Lawi, aliyetangazwa na Simba kisha klabu yake ikasema malipo hayakufika kwa muda waliokubaliana. Mambo mawili mazito, kocha na nyota, ndani ya wiki chache. Gemu hili lingekuonyesha vizuri sana gharama ya la pili kwa fedha na kwa muda. La kwanza lingelipita juu juu, na hilo ndilo pengo lake kubwa.

Mmiliki wa klabu ameundwa vizuri zaidi. Anakupa malengo kila mwaka: fika hatua ya mtoano, rudisha hamu ya mashabiki, na mara nyingine, muongezee fulani mkataba. Lengo la mwisho ni mtego. Huyo fulani mara nyingi ni kipenzi cha mashabiki mwenye miaka 32. Usipolitimiza, mmiliki ananuna lakini hakufukuzi kwa hilo peke yake, hasa ukishinda. Ukimuuza nyota mwenye umaarufu wa nchi nzima, hamu ya mashabiki inashuka na mapato ya viingilio yanafuata, kwa hiyo muuze kwa wachezaji walio tayari kucheza sasa, angalau mmoja, si kwa makinda matupu.

Novemba ina kazi ya makaratasi ambayo ukiiruka utalia. Kila klabu ina orodha ya watu 40, na 26 kati yao ndio kikosi cha siku. Kijana aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini na akakaa misimu mitano nje ya orodha hiyo, au minne kama alisainiwa akiwa na 19 na kuendelea, anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine Desemba kwa dola 100,000 tu, katika drafti ya Kanuni ya 5. Aliyemchukua lazima amweke kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima, la sivyo amrudishe kwako kwa nusu ya bei. Gemu linakuonyesha nani yuko hatarini. Walinde warushaji kwanza. Ni rahisi kwa klabu nyingine kumficha mrushaji kinda kwenye kikosi kuliko kumficha mpigaji.

Baada ya Krismasi, tulia. Bei za wachezaji huru hushuka kadiri kambi za Februari zinavyokaribia, na mpigaji wa kati aliyedai milioni 12 kwa miaka mitatu mwezi Novemba anaweza kukubali mwaka mmoja kwa nusu yake. Acha nafasi mbili kwenye orodha yako ya 40 na akiba kidogo kwa ajili ya wiki hizo. Na kabla hujaruka siku nyingi kwa mkupuo, ingia kwenye mipangilio ya mamlaka na uhakikishe msaidizi wa kompyuta haruhusiwi kusaini wala kuacha watu kwa niaba yako.

Upande wa mashine, hakuna picha nzito, kwa hiyo laptopu ya kawaida inatosha. Kinachochelewesha ni wingi wa ligi zinazoendeshwa kwa pamoja. Ukifungua ligi mpya, zima za nchi nyingine na ubaki na MLB na ligi zake za chini. Mwendo utaongezeka sana. Diski ya SSD inasaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa faili za kuhifadhi ni kubwa. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi na betri yako imekufa, faili linaweza kuharibika lote, kwa hiyo weka nakala mbili zenye majina tofauti na uwashe kipengele cha kujihifadhi chenyewe. Kulipakua kunakula gigabaiti kadhaa. Kifurushi cha usiku ndicho chake. Likishaingia, ligi ya peke yako haidai intaneti.

Lugha ni Kiingereza, chenye istilahi nyingi za besiboli, na mwongozo wa ndani unadhani tayari unajua mchezo. Mtu asiyewahi kuona besiboli atahitaji kuangalia mechi chache kwanza, walau ajue mrushaji na mdakaji ni nani. Sehemu ya mtandaoni ya kukusanya kadi za wachezaji iachwe kabisa: inadai intaneti muda wote, inakuvuta ununue pakiti kwa fedha halisi, na haina hata chembe ya usajili tuliouzungumza.

Likitoka jipya huuzwa karibu dola 40 kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, yaani kama laki moja ya Tanzania. Lipa kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia pesa za simu, ukiacha salio la ziada kwa ajili ya makato ya kubadili fedha. Lakini usilinunue Machi. Bei hushushwa sana kadiri msimu unavyosonga, na toleo lililonunuliwa Oktoba lina marekebisho yote ya makosa ya mwanzo. Lina pia mfumo wa kihistoria unaoanzia 1871, kwa hiyo toleo la mwaka uliopita halipungukiwi kitu cha maana. Kwenye simu kuna dada yake, OOTP Go, bei ndogo zaidi na majedwali machache. Linafaa kwenye basi la Dar, ila usimamizi wa mikataba humo umepunguzwa, na mwenye laptopu asianzie huko.